Viti Visivyo na Msumari

Benki ilitaka maelezo ya kampuni kabla ya kufunga milango alasiri hiyo. Bila maelezo hakuna mkopo, na bila mkopo karakana ingefungwa. Basi Kibiriti, kijana aliyepewa jina hilo kwa hasira zake za kuwaka upesi, akakaa kwenye benchi la marehemu kaka yake, akaandika:

"Sisi ni mafundi wa viti. Viti vyetu havina msumari hata mmoja."

Nyuma ya pazia la gunia, randa ikakwaruza ubao. Shwaa. Ikanyamaza.

Shemeji yake, mjane wa kaka, alikuwa akisugua mguu wa kiti kwa msasa. Hakuinua uso. "Upepo huo."

"Upepo gani unaojua kuranda?"

"Andika, bwana. Benki haikungojei wewe na ndevu zako tatu."

Akaandika: "Tunaunga mbao kwa ulimi na tundu, na kila kiungo tunakitegea sikio kabla ya kukitia gundi."

Shwaa, randa ikajibu, safari hii kwa kirefu, kama mtu anayeafiki. Kuunga kulikuwa kazi ya kaka. Yeye Kibiriti alikuwa mtu wa rangi. Akichonga ulimi wa mbao, unacheza tunduni kama jino bovu.

"Nisomee," shemeji akasema.

Akamsomea. Msasa ukasimama.

"Hao 'sisi' ni nani, shemeji? Mimi nasugua, wewe unapaka rangi. Anayeunga yuko wapi?"

"Kwani humsikii?"

"Tangu tumzike namsikia. Benki ikileta mtu aone kiti kikiungwa, utamfunulia pazia?"

Damu ikamchemka Kibiriti. Kuifuta sentensi ile kulikuwa ni kumtupia kaka udongo mara ya pili. Lakini kuiacha ni kumfunga pale benchini, asipumzike hata kaburini, mdogo wake ajidai kwa mikono isiyo yake.

Akaikata. Akaandika: "Fundi wetu amefariki. Tuliobaki tunapaka rangi na kusugua. Kuunga tunajifunza."

"Wakitunyima?" akauliza.

"Watatunyima sisi wenyewe, si marehemu." Shemeji akaichukua karatasi. Mlangoni akageuka, akalitazama pazia. "Pumzika, baba watoto," akasema, akashika njia ya benki.

Kibiriti akatwaa patasi na kipande cha ubao. Akachonga ulimi, akauchomeka tunduni. Ukacheza. Akangoja randa imkosoe kutoka nyuma ya pazia.

Hakuna aliyemkosoa.