Gauni la Mwanasesere wa Sugra

Kichwa kilikuwa kinakauka dirishani, nimekichomeka kwenye chupa ya soda, na kiwiliwili kipo mapajani mwangu, Sugra alipoingia bila hodi.

"We Emiliana! Umemchinja?"

"Nimemtibu. Keti, kelele ziache dukani."

Ilikuwa mwaka juzi, alizeti tumeshavuna. Sugra, jirani yangu mwenye duka la vitambaa hapa Singida mjini, alikuwa ameniletea mwanasesere wa marehemu mama yake. Kichwa cha kauri, shavu lina ufa, nguo zimeliwa na nondo. Mjukuu wake Tasnim, mzaliwa wa Dar, alikuwa anakuja likizo.

"Mtoto hajui chochote cha kwetu," aliniambia. "Akimkataa na huyu, namrudisha sandukuni, nisimwone tena."

Ufa nikauziba kwa gundi na unga wa chaki, nikapiga msasa mpaka shavu likawa kama yai. Kisha nguo. Dukani kwa Sugra ipo picha ya mama yake siku ya harusi: gauni refu la mikunjo, shali lenye pindo la zari. Nikashona vilevile, mkunjo kwa mkunjo.

Tasnim akaja, Sugra akamleta kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Alimpokea mwanasesere, akamgeuza, akampapasa mgongoni.

"Anafunguliwa wapi?"

"Hafunguliwi," nikasema kwa fahari. "Nimemshonea mwilini."

"Sasa ataogaje? Atalala na nguo za harusi?"

Akamlaza mezani, akachukua simu. Sugra alianza kutafuta karatasi ya kumfungia.

Sisi kule kijijini Ilongero tulilea wanasesere wa magunzi. Nguo unaishonea palepale mwilini, isidondoke ukimbeba mgongoni kwenda shamba. Gunzi halivuliwi nguo. Mikono yangu ilikuwa imeshona kama ilivyofundishwa, wala haikuniuliza.

Nikachukua wembe, nikapasua mshono wa mgongoni.

"Unaharibu!" Sugra akapiga ukelele.

"Kitendawili," nikasema bila kuinua kichwa.

"Tega," Tasnim akajibu, macho kwenye simu.

"Huvisha watu wote, mwenyewe yu uchi."

Akafikiri. "Duka la bibi?"

Sugra alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nipe mji," nikamwambia mtoto.

"Chukua Dar."

"Dar nilikwenda, joto likanifukuza, nikarudi zangu. Ni sindano. Haya, njoo unitungie uzi, macho yangu yamechoka."

Akaiacha simu. Alitunga uzi mara moja tu, akakaa papo hapo, bega lake kwenye paja langu, akinichagulia vifungo. Tulipomaliza, alimvua mwanasesere, akamvisha, akamvua tena. Akamgeukia Sugra.

"Bibi, na kesho atavaa nini?"

Sugra alivuta ncha ya mtandio wake, akaipima kwenye bega la mwanasesere, kisha akaninyooshea mkono nimpe mkasi.