Kabla Abeli Hajatembea

Asubuhi ile Abeli aliharisha mara nne kabla sijawasha jiko. Mara ya tano hakulia. Alilala tu juu ya mkeka akiniangalia nikimfuta, miguu imelegea, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu yeyote katika ua wetu.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na alikuwa hajatembea. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kwetu hesabu hiyo haina msamaha. Mama akishika mimba wakati mtoto bado ananyonya, kisha mtoto akakonda, watu hawasemi ana minyoo, wala hawasemi maji yalikuwa machafu. Wanasema mama amembemenda: hakuweza kujizuia, na tamaa yake imemharibu mtoto. Husemwa kwa sauti ya chini, lakini husemwa mpaka sokoni. Ndiyo maana mimi na mume wangu, Erick, tulikubaliana kwamba tumbo lisijulikane mpaka Abeli atembee. Akishatembea, nani atauliza? Nikanunua madera mapana. Nikawa najifunga kanga juu ya tumbo kila nilipotoka nje. Kliniki ya wajawazito sikwenda, kwa sababu foleni yake hukaa barazani, na kila apitaye njiani huiona.

Na wiki tatu kabla ya siku ile nilimwachisha Abeli ziwa, ghafla, kwa siku moja, bila kumzoesha. Nilikuwa nimesikia kwamba maziwa ya mwenye mimba ni sumu. Nikajipaka shubiri. Alinyonya mara moja, akaachia, akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki yake. Hakuomba tena.

Ilikuwa Oktoba. Mtaa wetu wote wa Chang'ombe ulikuwa unangojea mvua, na mvua ilikuwa haina habari na sisi. Bomba lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tuliishi kwa kuchota pipani, na yale ya chini kabisa ndiyo niliyompikia Abeli uji. Bati lilianza kutoa joto saa tatu asubuhi. Upepo ulikuja na vumbi, ukaondoka, ukaliacha vumbi juu ya nepi zangu kambani.

"Mama Abeli," aliita Bi Mgeni kutoka mlangoni kwake. Chumba chake kilitazamana na changu, na kigoda chake kilitazamana na maisha yangu yote. "Nepi ya ngapi hiyo?"

"Ya pili tu, Bi Mgeni."

"Ya pili! Kamba imejaa kama ya wodini."

"Nyingine ni za jana."

"Haya. Tuseme ni meno." Akanitazama kuanzia kichwani, akateremka, akasimama katikati. "Na wewe, joto lote hili umejifunga kanga mbili. Una baridi?"

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo," alisema. "Mimi niliumwa migongo saba. Wa mwisho yuko Kondoa, ana duka."

Nikacheka kwa meno ya mbele na kuingia ndani.

Abeli alikuwa hajasogea. Nilimpa maji kwa kikombe chake cha plastiki, akanywa kwa pupa mpaka kikombe kikagonga meno yake, kisha akatapika yote. Nikampa tena, akatapika tena. Nikaacha kumpa. Nilijiambia kwamba tumbo likiwa tupu halitakuwa na cha kutoa. Mpaka leo naona nilivyokifunika kile kikombe kwa sahani.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nilivaa viatu mara mbili, nikavivua mara mbili. Kule ningeambiwa nimvue mtoto nguo, nimpandishe kwenye mizani, na mwanamke mwenye mtoto aliyekonda hutazamwa na wenzake tumboni kabla hajatazamwa usoni. Nikampigia Erick. Alikuwa kazini, juu ya jengo, na simu ikaita mpaka ikachoka. Utosi wa Abeli ulikuwa umekaribia kufunga, lakini palipobaki laini palikuwa pamebonyea. Niliweka kidole pale nikakiondoa haraka.

Saa sita kasoro nikasikia mtu akibisha hodi kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Mume wangu yuko wapi? Mbona haji kunipokea mzigo?"

Alikuwa mama mkwe wangu, mama Dorothea, ametoka Buigiri bila kupiga simu, na mfuko wa karanga na mlenda mkavu mkononi. Mume wake aliyemtafuta ni Abeli. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Shikamoo, mama," nikapiga goti mlangoni, kanga nimeivuta.

"Marahaba." Alikuwa ameshanipita. Akainama juu ya mkeka, akamnyanyua Abeli, na kichwa cha mtoto kikaanguka begani kwake. Mzaha ukamtoka usoni wote kwa mara moja.

"Tangu lini?"

"Jana, mama."

"Evelina."

"Juzi."

"Bado ananyonya?"

"Nimemwachisha. Ameshakuwa mkubwa."

"Mkubwa! Baba yake alikuwa anarudi kutoka kuchunga mbuzi ndipo ananyonya." Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama. "Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Nitazame."

"Sina, mama. Nimenenepa tu."

Nje Bi Mgeni alikuwa ameacha kupepeta mchele wake.

"Basi kuna mtu amemtupia jicho," alisema mama mkwe. "Nampeleka Buigiri. Kuna mama pale jirani anajua kuogesha watoto. Kama ungekuwa na mimba ingekuwa dawa nyingine, mngeoga wote watatu, wewe na mumeo na yeye. Lakini kama huna, nampeleka peke yake. Kuna gari saa nane. Nipe nguo zake."

Nilipata nafuu. Mtoto wangu hakuweza kushika kichwa chake, na mimi nilipata nafuu, kwa sababu tumbo langu lilikuwa bado siri. Nikatoa mfuko, nikakunja kaptula mbili, fulana, kofia ya jua. Nilikunja vizuri hata, kona kwa kona.

Mama mkwe alimweka mgongoni akaanza kumfunga kwa kitenge. Kitambaa kilipombana tumbo, Abeli akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka aliye mbali. Nikasogea kumfuta machozi kwa kiganja, kama nifanyavyo siku zote, na kiganja changu kikabaki kikavu. Nikamfuta shavu la pili. Kavu. Alikuwa anafumbua mdomo, uso umekunjamana, macho yamezama, na halikutoka hata tone moja.

Siku ya chanjo ya surua nesi alitukalisha wote kwenye benchi na kutuambia jambo moja: mtoto akilia bila machozi, mlete kituoni, usingoje mume arudi.

"Mama, mfungue," nilisema.

"Nini?"

"Asiende Buigiri. Hafiki. Nina mimba, mama. Ya miezi mitano. Nilikudanganya."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Ua mzima ulisikia. Mama mkwe alisimama ameshika ncha mbili za kitenge kifuani, akatazama tumbo langu, na mkono wake mmoja ukanyanyuka. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua mkono ulikuwa umefunga fundo.

"Erick anajua?"

"Anajua."

"Kituo kiko wapi?"

Sikumwelewa.

"Hicho kituo chenu cha afya, Evelina! Kiko wapi?" Alikuwa ameshatoka nje.

Bi Mgeni alikuwa amesimama katikati ya ua, ungo mkononi. "Mama Abeli, acha mlango, nitafunga mimi. Na nepi nitaanua. Tumbo gani unaficha, ua mzima tunalijua tangu mwezi wa nane! Kimbia, mwanangu!"

"Asikimbie!" mama mkwe alifoka bila kugeuka. "Atembee. Sina mgongo wa kubeba wawili."

Jua lilikuwa utosini. Njia nzima nilitazama kisogo cha Abeli kikicheza juu ya kitenge, kulia, kushoto, kulia, na kila kilipotulia nilimwita jina kwa nguvu, na watu wakageuka dukani kututazama. Hakuitika. Mara moja tu alisogeza vidole.

Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kandambili. Alimvua, akaifinya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi. Niliiona. Mama mkwe aliiona pia, kwa sababu alivuta pumzi.

"Ameishiwa maji," alisema nesi. "Ulikuwa unampa maji?"

"Niliacha. Alikuwa anayatapika."

Alimfunika mtoto tumbo. "Na ziwa?"

"Nilimwachisha. Kwa sababu ya…" Nikajishika tumbo.

"Nani alikwambia huwezi kunyonyesha ukiwa na mimba?"

Walikuwa watu wote, na hakuwa mtu yeyote.

"Na hilo tumbo umelifungulia kadi?"

"Bado."

"Utaniona nalo kesho. Sasa tuanze na huyu." Akakoroga pakiti ya chumvichumvi katika lita moja ya maji safi, akanipa kikombe na kijiko cha chai. "Kijiko kimoja. Hesabu mpaka sitini, kisha kingine. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza upya. Nitakuwa napita kumwona. Akikojoa niite. Akizidi kulegea niite mbio, tutamtundikia dripu. Na ziwa mpe."

Nikampa ziwa kwanza. Aligeuza uso, midomo ameibana kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. Sikutazama upande wa mama mkwe.

Basi tukakaa kwenye benchi, mtoto mapajani kwa bibi yake, mimi na kijiko. Kijiko, sitini. Kijiko, sitini. Cha nane alikitapika kwenye mkono wangu. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko mimba. Nilimtazama kifua kama kinapanda, na kila kilipopanda nilingoja kishuke, na kiliposhuka nilingoja kipande. Ndani yangu yule mwingine aligeuka, mzima, mwenye nguvu zake, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa.

"Kabla ya Erick kulikuwa na Joel," alisema mama mkwe.

Sikuwahi kulisikia jina hilo katika familia ile.

"Alikuwa hivi hivi. Macho haya haya. Na mimi nilikuwa na Erick tumboni, nikaficha, nikajifunga nguo kama wewe. Siku walipojua, walituogesha siku tatu. Mimi, baba yake na yeye." Alikuwa anazungumza na ukuta. "Siku ya nne tulioga wawili."

"Mama, haikuwa wewe. Ni kuharisha tu."

"Wewe hujui," alisema. "Na mimi sijui. Mpe kijiko."

Nikampa. Saa nane ikapita, lile gari la Buigiri likaondoka na watu wake. Nesi alipita, akaifinya ngozi tena, akaenda bila neno, na mimi nikabaki nikilitafuta lile neno mgongoni kwake. Sitini. Kijiko. Mwanamke mmoja alitoka na mtoto wake anayecheka, nikamchukia. Nilijaribu kusali nikagundua kwamba nahesabu tu.

Ilikuwa inakaribia saa kumi mama mkwe alipokakamaa.

"Evelina."

Nikaangusha kijiko. Nilimtazama Abeli kifua.

"Siyo huko. Huku." Hakuthubutu kusogea hata kidogo. Doa dogo lilikuwa linatanuka juu ya kitenge chake, chini ya makalio ya mtoto, la njano iliyokolea kama chai ya rangi. "Nesi!" aliita. "Nesi! We nesi!"

Nesi akaja mbio na kandambili zake. Akashika, akanusa, akamtazama Abeli machoni. "Ni kidogo," alisema. "Bado hajavuka. Endeleeni mpaka niseme. Lakini ni mkojo."

Simu yangu iliita wakati huo huo. Erick. Mama mkwe akainyakua kabla sijaigusa.

"Mwanao amenikojolea," alisema. "Nasema amenikojolea! Mbona unauliza mara mbili? Tuko kituo cha afya… Hapana, sijamaliza. Njoo na kitenge kikavu. Na hilo mlilonificha wewe na mkeo, nitakuuliza ukifika, mbele ya watu."

Akanirudishia simu. Doa lilikuwa limemfikia pajani, na hakujifuta.

"Unangoja nini?" aliniambia. "Osha kijiko."

Nikakiosha. Abeli alinifuata kwa macho mpaka bombani, akanifuata nikirudi. Nikajaza, nikampa, nikaanza kuhesabu tena: moja.