Karatasi ya Buluu ya Mwalimu Candia

Mwalimu Candia alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na minne, tena alisomeshwa na mapadre pale misheni ya Ediofe. Kwa hiyo mkewe Filda alipougua korona nyumbani kwao Ludara, hakuona sababu ya kumsumbua daktari. Alikuwa amesoma mahali kwamba mgonjwa aliyezidiwa na kifua, damu yake huingia tindikali. Basi! Tindikali huzimwa kwa alkali. Hilo hata mtoto wa darasa la saba analijua. Akachuja maji ya majivu, yale ya kulainishia mboga, akamnywesha kikombe asubuhi na kikombe jioni.

Siku ya pili akatoa kabatini karatasi za litimasi alizostaafu nazo, zile za kupimia tindikali na alkali, akaigusisha moja kwenye ulimi wa mgonjwa. Ikageuka buluu, rangi ya alkali.

"Mama Moris, umepona!" akatangaza.

Filda, ambaye midomo yake ilikwisha kuwa ya kijivu, alivuta pumzi tatu ndipo akapata maneno. "Mwalimu... umepima... majivu yako."

Msomi wetu akaitazama karatasi yake kama mtu aliyejisahihishia mtihani mwenyewe akajipa mia kwa mia. Akaita bodaboda, akampakia mkewe katikati, akamkumbatia kwa nyuma hadi hospitalini Koboko.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia sabini na nane, ilhali mwenye afya huzidi tisini na nne. Muuguzi wa zamu, Sista Sumayah, akamvalisha Filda barakoa ya oksijeni kwanza, ndipo akauliza, "Mzee, umempa dawa gani?"

Candia akaeleza habari za tindikali, kwa Kiswahili sanifu, akimaliza kwa sauti ndogo kuliko aliyoanzia.

"Asidi iko, kweli," Sumayah akasema. "Lakini ni mapafu imeshindwa kutoa hewa chafu. Mama anataka hewa, wewe unampa majivu! Siku mbili!"

"Atapona?"

"Sijui bado. Kaa hapa, hesabu pumzi yake dakika nzima. Na usifundishe mtu."

Akakaa. "Arobaini na mbili," akaripoti.

"Hesabu tena."

Akahesabu hadi adhuhuri, bila kuongeza maelezo yoyote, jambo ambalo wanafunzi wake wasingeliamini.

"Thelathini na moja, sista."

Sumayah akakitazama kipimo: tisini na moja. "Sasa iko vizuri kidogo. Endelea."

Filda akafumbua macho, akamwona midomo ikichezacheza kwa hesabu, akamfinya kidole.

"Ishirini na tisa," Candia akasema, akaanza kuhesabu upya bila kuuachia mkono wake.