Aliyefika Kwanza

Madereva ishirini na wawili walibishana saa mbili nzima juu ya kidude kinachoenea kwenye kiganja, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuutazama ubao. Mimi nilikuwa mlangoni mwa gereji na bisibisi mkononi, nasikiliza, damu inanichemka. Watu wakinikuta hivyo hunipisha. Yadi nzima wananiita Mama Fyuzi, na si kwa sababu ya kazi yangu tu.

Kazi yangu ni umeme wa malori. Kidude chenyewe ni kidhibiti mwendo, na sheria mpya ilitaka kila lori zito lifungwe: likifika themanini kwa saa, injini inagoma kuongeza, hata ukanyage mafuta mpaka soli itoboke. Nilivifunga vyote kwa mikono yangu, nikavipiga lakiri, nikaweka sahihi yangu kwenye kila cheti. Nilishinda nimelala chali chini ya usukani siku nyingi mpaka shingo ikakauka. Kwa hiyo anayevisema vile vidude ananisema mimi.

Na siku ile walivisema. Mkaguzi wa serikali alikuja kusikiliza maoni, akapewa kiti cha plastiki chini ya kivuli cha paa, faili mapajani. Aliyefungua maneno ni Tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye malori.

"Mheshimiwa, sisi sheria tunaitii. Vimefungwa vyote, fundi wangu huyo hapo, muulize. Lakini kazi imelala. Dereva anakaa barabarani muda mrefu, anachoka, anasinzia. Sasa hapo tumemwokoa nani?"

Akakaa, akajifuta jasho. Kila lori lake limeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu, Mwenda pole hajikwai. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mchoraji.

Akasimama dereva mmoja tunayemwita Honi, kwa sababu hata akiongea anapiga kelele. "Aliyetunga hii sheria hajawahi kuwa upande wa pili wa barabara na tani thelathini mgongoni, basi linakuja mbele yake, halafu gari linamwambia, ndugu yangu, mimi nimefika mwisho."

Watu wakacheka. Mkaguzi akaandika. Kwa hilo sikumkatalia Honi, maana ni kweli, ukiwa na kidhibiti humpiti mtu ovyo. Lakini dawa yake ni kutokupita, si kung'oa nyaya. Nikameza mate, nikangoja mtu mwenye akili aseme neno la maana. Wapi bwana. Mmoja akalalamikia milima, mwingine akasema madereva wa magari madogo wanawatukana kwa kuziba njia. Mkaguzi naye kila akiulizwa anajibu sheria ni sheria, utadhani kameza kanda.

Ubao ule uko ukutani, pembeni ya dirisha la karani. Malori yetu yote yanabeba saruji. Geti la kiwanda linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yanatoka pamoja, kilomita mia nne mpaka hapa yadi. Karani anaandika jina la dereva, saa aliyotoka, saa aliyofika. Wa kwanza kufika anashushiwa mzigo kwanza, anapakiwa kwanza mzigo wa kurudi nao kiwandani kesho yake, anakwenda kwake jua likiwa juu. Wa mwisho anakaa kwenye foleni mpaka mlinzi awashe taa. Kanuni hiyo hakuna aliyeiandika, na kila mtu anaiona ni ya haki, aliyewahi kawahi. Kumbe ndiyo inayoua. Unamwambia mtu kwa sheria aende pole, halafu kwa ubao unamwambia akimbie. Mara mbili nilimfuata Tajiri ofisini nikamwambia, weka zamu, leo huyu wa kwanza kesho yule, watu watulie. Akanijibu, "Mama Fyuzi, wewe shughulika na nyaya."

Basi nikashughulika na nyaya. Lakini siku ile uvumilivu ulinishinda. Nikapita katikati yao mpaka kwenye ubao, nikaugonga kwa bisibisi.

"Mheshimiwa mkaguzi," nikasema, "saa mbili hizi unapigwa porojo. Ugonjwa wa yadi hii uko hapa. Njoo nikusomee."

Kabla sijafungua mdomo nikaupitia kwa macho mstari wa kwanza wa siku ile. Alfajiri. Katoka saa kumi na mbili. Kafika saa nne.

Alfajiri ni mume wangu. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna anayewahi kufika kabla yake. Alikuwa amekaa mbele juu ya tairi kuukuu, miguu kaikunja, ananitazama kwa ile fahari yake ya siku zote, mke wangu huyo, anawapa vidonge vyao.

Hesabu sikuipenda tangu shule, lakini hiyo hata mtoto wa chekechea angeipata. Mia nne kwa saa nne. Hiyo ni mia kwa saa, tena wastani, pamoja na milima na matuta na kusimama kujisaidia. Lori nililolifunga mwenyewe lisipite themanini.

Bisibisi ilibaki pale kwenye jina lake. Tajiri alishaona. Akanikonyeza, akatikisa kichwa polepole, maana yake funika kombe mwanaharamu apite. Uso wa mume wangu ukabadilika. Nikajua na yeye kajua. Ningeweza kuruka mstari, nikaanza na wa pili. Mkaguzi asingejua, mume wangu angebaki na kazi, na keshokutwa saa kumi na mbili angekanyaga mafuta tena na zile tani thelathini mpaka siku waniletee habari yake.

"Huyu," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "ametumia saa nne kwa kilomita mia nne. Fungueni gari lake."

Tukaenda wote mpaka kwenye lori. Lakiri yangu ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nikapiga magoti, nikatoa kifuniko chini ya kiti, nikaikuta. Swichi ndogo nyeusi na nyaya mbili zilizopita nyuma ya kidhibiti changu, zimefungwa gundi vizuri. Ukiibonyeza, kidhibiti kinalala. Hiyo kazi haifanywi na dereva, ni fundi kabisa, na sijui ni nani mpaka leo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilizing'oa zile nyaya kwa mkono mpaka kidole kikatoka damu.

Mkaguzi akachukua leseni ya mume wangu, akasema gari halitoki. Kisha akarudi kwenye ubao, akausoma kimya mpaka chini. Honi alifika saa nne na robo. "Tutafungua yote," mkaguzi akasema. Tajiri akashika kichwa, eti hakujua, eti ana watoto na yeye, hawezi kucheza na roho za watu. Mtu huyuhuyu aliyekuwa akimpigia mume wangu makofi kila akiingia getini. Nikamwambia mbele ya mkaguzi kwamba yeye ndiye mwenye ubao, na kama ana haya aanze na huo. Alimgeukia mume wangu. "Alfajiri, kabidhi funguo. Hapa huna kazi."

Watu wakatawanyika. Nilimkuta mume wangu upande wa pili wa lori anatoa vitu vyake, begi, kandambili, blanketi.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Heri nikuvue nguo kuliko nikuvalishe sanda."

Nilimngoja apandishe sauti. Nilikuwa tayari, nilitaka tugombane pale pale, maneno ninayo ya kumtosha na ya kubaki. Hakupandisha. Alikunja blanketi, akalitia kwenye begi, akafunga zipu.

"Mama watoto, lori langu ulilifunga la kwanza," akasema. "Huu ni mwezi wa tatu. Kabla hujakifunga kidhibiti nilikuwa nafika nyumbani saa tisa. Ulipokifunga nikaendelea kufika saa tisa. Kila nikirudi unanipokea begi mlangoni, unacheka, unawaambia watoto baba yenu kawahi. Mbona siku hizo hukupiga hesabu?"

Siku ile nilikuwa nimemjibu Tajiri, nimemjibu mkaguzi, nimewajibu madereva ishirini na wawili. Kwa hilo nilibaki kukifuta damu kidole changu. Kidhibiti nilikifunga mimi, barabara naijua, saa iko ukutani kwangu, na kila siku ya kurudi kwake, ilipofika saa tisa nilikuwa nimeshatoka kazini, nasimama dirishani namsubiri, na nilifurahi.

Akatupia begi begani, akatoka getini kwa miguu.