Uvimbe Uliosubiri Wageni

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Alipoanza kupata choo cheusi, alimezeshwa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Nikamleta hospitali ninakofanya kazi. Kamera ilipoteremshwa ikaonyesha uvimbe kwenye ukuta wa tumbo, na kipande kilichopimwa kikaleta majibu: saratani ya seli za plasma. Hizi ni seli za kinga, makao yake ni kwenye uboho wa mifupa. Tumboni zilikwenda kujijengea kibanda bila kibali.

Daktari wa upasuaji, bosi wangu, alifurahi waziwazi. "Miaka ishirini na sita sijauona huu!" Alijua mgonjwa ni ndugu yangu, na bado alichekelea.

Uvimbe ulikuwa mmoja, haujasambaa. Ukitolewa, alisema, matumaini ya kupona ni makubwa. Upasuaji ukapangwa Alhamisi. Jumatano akausogeza hadi Jumanne, kwa kuwa maprofesa wageni walikuwa wanakuja na alitaka aukate uvimbe mbele yao.

"Daktari, damu yake inazidi kupungua," nikasema.

"Sista, umekaa humo miezi yote hiyo. Siku tano zitaufanya nini?"

Ofisi ya mganga mkuu iko ghorofa moja juu. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupelekwa masomoni, na wa kuipitisha ni huyu huyu bosi wangu. Nikaufyata. Kaka nikamdanganya kwamba taa za chumba cha upasuaji zimeharibika.

"Si ungeniambia mapema, mdogo wangu," akacheka, "ningekuja na mashine yangu!"

Jumapili asubuhi, tukibadilishana zamu, alitapika damu beseni likajaa. Akanishika gauni. Hakuwa na utani tena. Saa nne ilimkuta ameshafariki.

"Mimi nilikuwa nalala usingizi kwa sababu upo wewe," mama aliniambia. Nililia kuwashinda wote, na nilijichukia.

Jumanne wageni walifika. Uvimbe, uliotolewa kwenye maiti, ulikuwa mezani, ndani ya chupa. Kibali cha kuuhifadhi kilitaka saini ya ndugu, nikasaini. Profesa mmoja akauliza ilikuwaje mgonjwa akafa na uvimbe wa kutibika. Daktari akanigeukia mimi.

"Alicheleweshwa nyumbani," nikajibu.