Kimejivunja Chenyewe

Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hageuki. Si kiburi, ni kwamba ameshalisahau. Tangu akiwa na miaka sita dunia nzima, au tuseme ile sehemu yake yenye runinga, inamwita Kimeji. Leo ana kitambi, upara na goti linalolia kama bawaba kavu, na bado ni Kimeji. Hata daktari wa meno alimwita hivyo, mikono yake yote miwili ikiwa kinywani mwa huyo anayeitwa.

Mambo yalianza hivi. Kulikuwa na mchezo wa kila Ijumaa jioni kuhusu familia moja: baba mkali, mama mpole na mtoto mtundu. Mtoto ndiye yeye. Siku moja, kamera zikiwa zinarekodi, kikombe kilianguka kutoka mezani kikawa vipande. Hakuna aliyekuwa ameandika kianguke. Yule baba wa mchezo, ili mambo yasikwame, akanguruma, "Nani kavunja?" Macho yote yakamgeukia mtoto. Mtoto alikuwa na pengo mbele na woga wa kweli, maana kwao sahani ziliheshimiwa kuliko watoto. Akalitafuta neno "kimevunjika", akalikosa, akaja na la kwake:

"Kimejivunja chenyewe!"

Watu walivunjika mbavu. Wiki iliyofuata neno lilikuwa mitaani. Dereva akigonga ukuta, gari limejigonga. Mwanafunzi akipata sifuri, mtihani umejifelisha. Mkubwa mmoja serikalini aliulizwa na waandishi kuhusu daraja lililoanguka kabla ya kufunguliwa, akasema limejivunja, wakacheka, wakaenda zao.

Nyumbani mama yake mzazi alimchapa kwa kuvunja chombo cha watu. Kesho yake akamwogesha, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akampeleka kurekodi tangazo la gundi.

Halafu, kama ujuavyo, mtoto akaota ndevu. Sauti ikakwaruza, mchezo ukafa, na Kimeji akabaki na neno moja la kulia nalo ugali wa maisha yote. Duka la vyombo likifunguliwa, anaitwa. Anapanda jukwaani na suti, anaangusha kikombe, anasema neno lake, watu wanacheka, anapewa sanduku la bilauri na kuonyeshwa njia ya mlangoni. Ndoa yake ilipofika mahakamani, hakimu alimuuliza nini hasa kimeivunja. Kabla hajafungua mdomo, karani alikuwa ameshajificha chini ya meza, mabega yanamtikisika. Kimeji alitaka kusema kwamba bado anampenda yule mwanamke. Akaona bora atie sahihi tu.

Lakini kilichokuwa kinamla ndani kwa ndani ni kingine, na hakuwahi kumwambia mtu. Wote humsifia kipaji cha kuzaliwa nacho. Yeye anajua kwamba siku ile hakuigiza kitu. Alivunja kikombe, akaogopa, akadanganya. Alikumbuka hata kiwiko kilivyogonga ukingo wa meza. Basi kama kilichompa jina hakikuwa uigizaji, yeye ni nani? Mvunja vikombe mzoefu?

Ndiyo maana alipopigiwa simu kuhusu tamthilia mpya, moyo ulimruka. Mwongozaji alikuwa binti mdogo tu, mkavu wa maneno.

"Sikuiti kwa sababu ya kikombe, mzee," alimwambia. "Nataka daktari aliyechoka na maisha. Nilikuona benki kwenye foleni. Umechoka vizuri sana."

Kimeji alilichukua hilo kama sifa.

Onyesho lilikuwa moja. Daktari anatoka chumba cha upasuaji, anamwambia bibi mzaa mama wa mgonjwa, "Mgongo wake umevunjika, mama. Hatatembea tena." Basi. Alilifanyia mazoezi bafuni, jikoni, mbele ya kioo cha kabati, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza nani kaumia. Akifaulu, ni mwigizaji. Akishindwa, ajue moja.

Siku ikafika. Studio ilikuwa ghala la zamani la mbao, lenye kitanda cha hospitali kisichokuwa na hospitali na koti jeupe lililokuwa na doa la chai mfukoni. Na bibi wa mgonjwa alikuwa nani? Yule yule mama mpole wa mchezo wa Ijumaa! Amekula chumvi nyingi sasa, lakini mashavu ni yale yale. Kimeji hakuwahi kuacha kumwita Mama, wala yeye hakuwahi kuacha kumwita mwanangu.

"Kamera! Anza!"

Kimeji akasukuma mlango. Akavua barakoa taratibu, akashusha pumzi, akamtazama bibi, akafungua kinywa. Na ulimi, ulioishi kwa neno moja miaka nenda rudi, ukafanya unachokijua.

"Mgongo wake umejivunja, mama."

Jamani! Fundi wa sauti alivua vipokea sauti vya masikioni akavikumbatia. Mpambaji wa waigizaji akakaa chini. Hata mgonjwa, aliyetakiwa awe hajitambui, alikuwa anatikisa kitanda kwa kicheko. Kimeji alisimama katikati yao na koti lake la doa, akatamani ardhi impokee.

Mtayarishaji, mtu wa kijiti cha meno asubuhi hadi jioni, alikuja mbio huku anajifuta macho. "Nimepata! Tuifanye ya kuchekesha! Tumwekee na kikombe hapo mezani!"

Mwongozaji alimtazama, akamtazama Kimeji. "Mapumziko ya chai," akasema. Kisha akamsogelea Kimeji, sauti chini. "Mzee, tunarudia mara moja. Wakicheka tena, sitakuwa na hoja. Itabidi nikuwekee kikombe."

Nyuma ya ghala kulikuwa na benchi. Mama alikuwa ameshakaa, anachovya biskuti kwenye chai.

"Mbona umenuna hivyo, mwanangu?"

"Mama, mimi si mwigizaji," Kimeji alisema. "Sijawahi kuwa. Siku ile nilivunja kikombe kweli, nikaogopa kweli. Watu wananipigia makofi kwa uongo wa mtoto."

Mama aliacha kuchovya. "Wewe ulivunja kikombe?"

"Si unakumbuka?"

"Nakumbuka sana. Wewe ulikuwa kule kwenye kochi, unachezea kamba za viatu. Kikombe nilikipiga mimi, kwa kiwiko, nikinyoosha kitambaa cha meza."

Kimeji alimtolea macho.

"Yule baba wa mchezo alipouliza, nikakutazama wewe," Mama aliendelea, kama anayesimulia habari za sokoni. "Na wenzangu wakakutazama. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, ningesemaje? Halafu ukasema lile neno, watu wakacheka, mambo yakawa mazuri. Nilidhani siku zote unajua!"

"Mama, nilichapwa kwa kile kikombe."

"Ooh. Pole, baba." Akachovya biskuti tena. Ilikuwa imelowa sana, nusu yake ikakatika ikazama kwenye chai. "Lo!" akasema, kwa mazoea tu, bila hata kufikiri. "Imejivunja."

Kimeji alikitazama kile kikombe. Kiwiko chake, alichokilaumu maisha yake yote na kukizushia hadi kumbukumbu ya kugonga meza, hakikuwa na kosa. Alikuwa mtoto aliyesema hakuvunja, na ni kweli hakuvunja, na nchi nzima ikamcheka. Hasira ilimpanda, na nyuma yake huzuni kubwa zaidi, wala hakujua aanze na ipi.

"Nafasi zenu!" sauti ikaita kutoka ndani.

"Anza!"

Mlango ukafunguka. Kimeji hakukumbuka kuvua barakoa taratibu, aliivuta tu. Akamtazama yule bibi kizee kwenye kiti. Fundi wa sauti alikuwa ameshauma mdomo wa chini, tayari.

"Mgongo wake," Kimeji alisema, akasita. Machozi yakaanza kushuka bila kumuuliza. "Mgongo wake umevunjika, mama. Hatatembea tena."

Hakuna aliyecheka. Bibi alitakiwa apige yowe, ndivyo ilivyoandikwa. Badala yake aliinamisha kichwa, akamshika mkono wa koti, akasema maneno ambayo hayakuwamo kabisa: "Nisamehe, mwanangu."

Mwongozaji aliacha kamera ziendelee. Aliziacha mpaka mtayarishaji mwenyewe akatoa kijiti kinywani.

"Kata," akasema hatimaye. "Ndiyo hiyo. Haturudii." Akamfuata Kimeji, akamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kuonyeshwa na mtu yeyote kwenye duka lolote la vyombo. "Mzee, hebu niambie. Hayo machozi umeyatoa wapi?"

Wote walikuwa wanasubiri. Kimeji alitaka kusema jambo la kitaalamu, la mazoezi na uzoefu. Akamwona Mama anajifuta macho kwa shuka ya mgonjwa. Akafungua mdomo.

"Yamejitoa yenyewe."

Ghala zima likavunjika mbavu. Kimeji aliwaacha wacheke. Alikuwa amesema kweli, kama siku ile.