Kitanzi Kisichokatika

Mjomba wangu anakata miti mirefu iliyoegemea nyumba za watu, ile ambayo huwezi kuiangusha yote kwa mpigo. Anapanda mpaka kileleni, anaishusha kipande kwa kipande. Wenzake wanamwita Kindi. Chini hubaki Ngongoti, mwanamume mrefu kama jina lake, anayeshika kamba ya kushushia matawi. Mimi kazi yangu ni kuokota vijiti na kukaa kimya. Hiyo ya pili naiweza zaidi.

Siku hiyo mti ulikuwa umeinamia paa la mjane mmoja. Mjomba alikuwa juu kabisa, ameketi katika mkanda wake wenye mishipi ya mapajani. Msumeno wa mashine ulining'inia chini ya miguu yake kwa kamba fupi, na kamba hiyo ilishikwa na kitanzi kidogo cha turubai nyuma ya nyonga ya kulia. Hapo ndipo unapofungwa, ili mikono yote miwili iwe huru kupanda.

Nilikitazama kitanzi kile kwa raha. Kilikuwa kazi yangu. Jumapili nilikikuta kwenye begi la mjomba kimechanika, nyuzi zimetoka kama ndevu za mbuzi. Nikaona aibu kwa niaba ya aliyekishona. Uzi mwembamba wa pamba, tena mstari mmoja! Nikachukua uzi wa fundi viatu, nikaupaka nta, nikapiga mistari minne. Kisha nikarudisha begi mahali pake bila kumwambia mtu. Ndivyo nilivyo. Hata shuleni, kabla sijaacha, nilikuwa najua jibu na sinyooshi kidole.

Lakini jambo jema likikaa sana kifuani linawasha.

"Kile kitanzi cha mashine," nilimwambia Ngongoti, "nimekishona mimi."

"Ehe! Leo bubu kasema." Alicheka, macho yake yako juu. "Kitanzi kipi, mdogo wangu?"

"Cha nyuma. Kilichochanika."

"Si Kindi alinunua kipya?" Akageuka kunitazama. "Hakununua? Umeshona kwa uzi gani?"

"Wa viatu. Mistari minne." Nilikuwa nimeshanogewa, nikaongeza, "Hata ng'ombe akivuta, hakikatiki."

Kicheko kilimwisha usoni.

"Mungu wangu. Kile kinatakiwa kikatike!"

Alisema haraka haraka, mate yanamruka. Kitanzi kile ni cha kubeba uzito wa mashine tu. Tawi likiibana mashine na kuanguka nayo, kitanzi kinakatika, mashine inakwenda zake, mtu anabaki. "Sasa wewe umemfunga mjomba wako na tawi!"

Juu, mashine ilinguruma. Mjomba alikuwa ameanza kukata kilele.

"Kindi! Kindi we!" Ngongoti alipiga kelele, lakini mjomba alikuwa amevaa viziba masikio. Ngongoti mwenyewe hakuweza kusogea. Kamba iliyofungwa kwenye kilele ilikuwa mikononi mwake, na angeiachia, kilele kingetua sebuleni kwa mjane. "Vuta kamba nyembamba! Mara tatu!"

Ilikuwa kamba ya kupandishia vifaa, inayoteremka kutoka kwenye mkanda wa mjomba. Mara tatu maana yake simama. Niliishika na mikono ikagoma. Nikimshtua, je, na meno ya msumeno yako mbele ya tumbo lake? Nisipomshtua, je?

Nikavuta. Moja. Mbili. Tatu.

Mashine ikazimika. Mjomba akainua kiziba sikio kimoja, akachungulia chini. "Kuna nini?"

Nilifungua mdomo, pakatoka hewa.

"Sema, binti, sema!" Ngongoti alinisihi.

Ndipo ikanitoka sauti ambayo sikuwa naijua. "Mjombaaa! Kitanzi hakikatiki! Nimekishona kwa uzi wa viatu!"

Mkono wake ulienda nyuma, ukapapasa. Wakati huohuo mti ulilia, ka-ka-ka. Upepo ulikuwa umekilaza kilele, na msumeno ulikuwa bado umo ndani ya mkato. Mbao zikaubana. Kamba fupi ikakazika kama waya, mkanda ukamzunguka mjomba kiunoni, ukamvuta ubavu ubavu kuelekea kule kilele kinakolala. Alijaribu kufungua kulabu ya kamba ile. Uzito ulikuwa umeishika. Akachomoa kisu.

Kando ya kitanzi, upana wa vidole vinne tu, ilipita kamba iliyomshika yeye.

"Nyuzi, Kindi!" Ngongoti alisema kwa sauti ya chini, kama anaomba dua. "Kata nyuzi tu."

Mstari wa kwanza ulikatika. Niliona mkono ukishuka. Wa pili nilikuwa nimeupiga karibu karibu, nikijisifu. Nilijutia kila tundu la sindano. Wa tatu. Wa nne nilikuwa nimeurudia miishoni, mara mbili kila upande, na kisu kilikwenda, kikarudi, kikaenda.

Kitanzi kikakatika, pwa! Kilele kiliondoka na mashine yake, kamba ikamburuta Ngongoti hatua mbili, na kilele kikasimama hewani jirani na paa. Mjomba alitupwa kwenye shina. Akalikumbatia, akabaki hapo. Niliita mara nne ndipo akajibu.

Aliposhuka hakufungua hata mkanda. Alikaa chini kwenye majani.

"Nani kakufundisha kushona hivyo?"

"Marehemu mama."

"Dada yangu huyo. Alikuwa hapendi kitu kiachie." Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Nisamehe, mjomba."

"Mimi nimekikuta kizima, nikadhani Ngongoti kaleta kipya. Ngongoti kadhani mimi. Wewe ukanyamaza. Watu watatu, hakuna mdomo hata mmoja." Akajifuta uso. "Utashona kingine."

"Siwezi. Naogopa."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Nilishona kwa uzi wa pamba, mstari mmoja, na sindano ilinichoma mara nyingi. Nikakifunga kwenye boriti, nikatundika ndoo ya maji: kikashika. Nikamwambia mjomba aning'inie. Kikakatika, akaangukia makalio, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilivuta pumzi mpaka chini. Nikashona kingine kama kile.

Kila asubuhi akibeba begi namfuata mpaka mlangoni.

"Mjomba, uzi wa pamba. Mstari mmoja. Umesikia?"

Wakati mwingine ana haraka, anapunga mkono tu. Namshika begi. Siliachii mpaka aseme amesikia.